Nani Alizilaza Herufi?

Fungua programu yoyote ya kuandikia kwenye kompyuta na utaona vitufe vitatu vimekaa bega kwa bega: B, I na U. B hukoleza wino, U hupiga mstari chini ya neno, na I, ambayo yenyewe imeinama kidogo kuelekea kulia, huyalaza maneno. Wengi wetu twakibofya hicho cha katikati bila kufikiri. Jina la riwaya, bofya. Neno la kigeni, bofya. Mhusika anawaza kimoyomoyo, bofya. Kiswahili kina majina kadhaa ya maandishi haya: italiki, hati mlazo, herufi za mlazo. Hayo mawili ya mwisho yanatupa picha ya kitu kilichokuwa kimesimama wima, kikaja kulazwa.

Picha hiyo inapotosha. Herufi hizi hazikuwa herufi za kawaida zilizosukumwa zikaegemea upande. Zilizaliwa kivyake, na kwa muda zilijitegemea kabisa: kitabu kizima kilipigwa chapa kwa mlazo, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jinsi zilivyopoteza uhuru huo na kugeuzwa alama ya "huyu si wa hapa" ni hadithi ya miaka zaidi ya mia tano. Nasi tunaosoma na kuandika Kiswahili tumo ndani yake.

Hebu tuanze na macho. Chukua Times New Roman, fonti ambayo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wameandikia tasnifu zao. Ina serifu, yaani vile vikato vidogo kwenye ncha za herufi vinavyofanana na nyayo. Andika neno "fagia", kisha lilaze. Usiutazame mwinamo, tazama maumbo. Herufi a iliyosimama ina paa juu ya tumbo lake. Ile ya mlazo haina paa. Ni tumbo na mguu tu, kama a ambayo mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa kuandika kwa penseli. Herufi f iliyosimama hukomea kwenye mstari. Ya mlazo huteremka chini ya mstari kama mzizi. Serifu za chini zimegeuka vikia vinavyoinuka kulia, mithili ya kalamu inayoondoka kwenye karatasi ikiiendea herufi inayofuata.

Sasa lirudie jaribio hilohilo kwa Arial, fonti isiyo na serifu. Herufi a inabaki na paa lake, f inabaki palepale. Hapo neno limeegemezwa tu, kama picha ukutani iliyokaa upande. Wachapaji huzitenga hizi mbili: kuna italiki halisi, yenye maumbo yake, na kuna herufi wima iliyoinamishwa. Ukitumia fonti ambayo haikuchorewa italiki, kompyuta mara nyingi huinamisha tu zile wima na kukupa kitu cha kuigiza. Ukishalijua hilo, utaanza kuliona kwenye mabango, kwenye programu za mazishi, kwenye vyeti vya semina.

Maumbo hayo yalitoka wapi? Yalitoka mkononi mwa mtu mwenye haraka.

Mwanzoni mwa karne ya 15, wasomi wa Florence, Italia, walikuwa na hamu kubwa ya vitabu vya kale vya Kilatini. Walivisaka katika maktaba za watawa, wakavinakili kwa mkono. Hawakuupenda mwandiko mzito wa Kigothi uliotawala wakati wao, basi wakaufufua ule wa mviringo waliouona katika nakala za karne zilizotangulia. Poggio Bracciolini ni mmoja wa walioupa umbo zuri la wima, na kutokana na mwandiko huo zikaja kupatikana herufi wima tunazosoma leo. Rafiki yake, Niccolò Niccoli, aliyefariki mwaka 1437, alinakili vitabu vingi kwa matumizi yake mwenyewe. Alipokuwa akienda mbio, kalamu haikuinuka sana kutoka kwenye karatasi. Herufi zikabanana, zikaungana, zikaegemea kulia. Mwandiko huo wa haraka ulienea miongoni mwa wasomi, na makarani wa ofisi za Papa mjini Roma nao wakauchukua kwa barua zao. Ulikuwa mwandiko wa watu waliosoma wakiandikiana.

Uchapishaji ulipoingia Italia miaka ya 1460, vitabu vilianza kutoka kwa herufi wima. Mwandiko wa haraka ulibaki nje ya mtambo hadi alipotokea mwalimu mmoja wa Kigiriki na Kilatini aliyeamua kuwa mchapishaji: Aldus Manutius wa Venice. Miaka ya 1490 alijijengea jina kwa vitabu vikubwa vya Kigiriki, kazi za Aristotle zikiwemo. Kisha, mwezi Aprili 1501, akatoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo ajabu. Karatasi moja kubwa ilikunjwa mara tatu ikatoa majani manane, kwa hiyo kitabu kilishikika kwa mkono mmoja. Hakikuwa na maelezo ya wasomi yaliyojazana pambizoni, bali shairi tupu. Na chote kilipigwa chapa kwa herufi za mlazo.

Mara nyingi husemwa kwamba Aldus alitaka kubana karatasi, kwa kuwa italiki ni nyembamba. Ukifikiri kidogo, hoja hiyo yalegea. Virgil ni mshairi. Mshororo mmoja wa shairi huchukua mstari mmoja wa ukurasa, uwe umesimama au umelala, na idadi ya mistari haipungui. Kilichobadilika ni uhusiano wa msomaji na kitabu. Kabla ya hapo, Virgil alikuwa mzigo wa kuwekwa mezani, kitu cha darasani. Sasa aliweza kusafiri nawe na kusomwa chini ya mti. Na alifika kwa mwandiko uliofanana na ule ambao rafiki yako msomi angetumia kukunakilia shairi alipendalo. Ilikuwa sauti ya karibu, kwa mtambo wa chuma.

Ufananisho huo haukuja kwa bahati. Kulikuwa na fundi, Francesco Griffo wa Bologna. Kila herufi aliichonga kinyumenyume kwenye ncha ya kijiti cha chuma kigumu. Kijiti hicho kiligongwa kwenye kipande cha shaba kikaacha alama, na alama hiyo ikawa kalibu ya kumiminia risasi iliyoyeyushwa. Kosa la upana wa unywele lilionekana kwenye kila ukurasa. Griffo hakuchonga alfabeti moja tu. Alichonga pia zaidi ya maumbo sitini ya herufi zilizoshikana, ili risasi iige kalamu isiyoinuka. Herufi kubwa peke yake zilibaki wima na fupi, zimesimama mwanzoni mwa kila mshororo kama walinzi wa lango.

Katika kitabu hicho cha kwanza Aldus alimshukuru fundi wake kwa beti chache. Shukrani ikaishia hapo. Mwaka 1502 alipata kwa watawala wa Venice haki ya kuzitumia herufi hizo, na Papa akamlinda pia. Ulinzi huo ulikuwa wa mwenye duka, si wa fundi. Griffo hakuweza tena kumuuzia mtu mwingine mjini humo kazi ya mikono yake mwenyewe. Akaondoka. Mwaka 1503 alikuwa mji wa Fano kwa mchapishaji Gershom Soncino, ambaye alitangaza wazi katika kitabu cha Petrarch kwamba mbunifu wa kweli ni Griffo, na kwamba Aldus alijipamba kwa manyoya ya mwenzake. Griffo alirudi Bologna akachapisha vitabu vyake vidogo mwaka 1516, kisha akaingia matatani kwa kesi ya kumuua mkwewe kwa kipande cha chuma. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Dunia ikaziita herufi zake "za Aldus", halafu "za Italia", ndiyo italiki. Jina lake likabaki kwa wanahistoria.

Ulinzi wenyewe haukufua dafu. Wachapaji wa Lyon, Ufaransa, waliviiga vitabu vya Aldus harakaharaka, mlazo na ukubwa na yote. Machi 1503 Aldus alichapisha onyo, akaorodhesha makosa yaliyojaa katika nakala hizo bandia ili wanunuzi wazitambue. Wale maharamia wakaichukua orodha, wakasahihisha makosa yao, wakaendelea kuuza. Anayedhani uharamia wa vitabu ulianzia kwenye vibanda vyetu vya fotokopi na ajue una mababu.

Sasa tunafika pale mlazo ulipopoteza nyumba yake. Katikati ya karne ya 16 mafundi wa Ufaransa, Claude Garamond na Robert Granjon miongoni mwao, waliipa herufi wima uzuri ambao wachapaji kote Ulaya waliutamani. Wima ikawa ya kawaida. Italiki ikaanza kuchongwa kuwa mwenzi wake: urefu uleule, uzito uleule, na hata herufi kubwa nazo zikainama. Kwanza ilipewa vyumba vya pembeni, kama vile utangulizi, mashairi na maneno ya pambizoni. Polepole ikaingia ndani ya sentensi yenyewe, neno moja moja, kazi yake ikiwa kuonyesha kwamba neno hili lina jambo.

Jambo gani? Hapo hapakuwa na sheria moja. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa Geneva mwaka 1560 ilitumia mlazo kwa maneno ambayo watafsiri waliyaongeza ili sentensi ikamilike, yasiyokuwamo katika lugha ya asili. Matoleo ya baadaye ya Biblia ya Mfalme James yakafuata njia hiyo. Maana ya mlazo hapo ilikuwa: neno hili halimo. Msomaji wa leo akilikuta neno kama hilo huenda akalikazia sauti, kumbe ndilo lililopaswa kupita kimyakimya. Kwingineko mlazo ulikuwa msisitizo. Kwingine jina la kitabu au la meli. Wanasayansi wakauchukua kwa majina ya Kilatini, hivyo simba huandikwa Panthera leo kwa mlazo. Wanahisabati wakaulaza x wao. Umbo lilelile lilibeba maana kumi tofauti, na zote zilitokana na makubaliano ya watu.

Kwamba ni makubaliano tu, tunaweza kulithibitisha kwa kutazama maandishi mengine. Granjon yuleyule, akiwa Roma miaka ya 1580, alichonga herufi za Kiarabu zilizotumiwa na matbaa ya familia ya Medici kuchapisha Injili mwaka 1590. Ni maandishi hayo ya Kiarabu ambayo pwani yetu iliyatumia kuandikia tenzi na barua kwa karne kadhaa. Katika hati za mkono za maandishi hayo, aliyetaka neno lionekane alichovya kalamu katika wino mwekundu, au alipiga mstari juu ya neno. Hakuna aliyehitaji kumlaza mtu.

Mashine ya taipu nayo ilikuwa na seti moja tu ya herufi. Mwandishi aliyetaka mlazo alipiga mstari chini ya neno, na mpangaji chapa alijua la kufanya. Ndiyo maana wengi wetu tulifundishwa shuleni kupigia mstari majina ya vitabu vya fasihi kwenye insha zetu. U na I kwenye kompyuta ni mtu na ndugu yake.

Wapo waliotaka hata hayo maumbo ya mkono yafutwe. Mwaka 1926 Stanley Morison, mtaalamu Mwingereza wa historia ya chapa, alitoa hoja kwamba kwa vile italiki sasa ni msaidizi wa herufi wima, basi iwe herufi wima iliyoinamishwa, bila mbwembwe za kalamu. Majaribio yalifanywa, lakini hayakukonga nyoyo za wasomaji. Na Times New Roman, fonti ambayo Morison mwenyewe aliisimamia kwa ajili ya gazeti la London mwaka 1932, ilitoka na italiki yenye a isiyo na paa na f yenye mzizi. Mwandiko wa Niccoli ulikataa kung'olewa.

Katika kazi zote ambazo mlazo ulipewa, moja yatuhusu sisi moja kwa moja: kumtambulisha mgeni. Vitabu vya Waingereza vya karne ya 19 kuhusu pwani yetu na bara vimejaa maneno ya Kiswahili yaliyolazwa. Ilieleweka, maana msomaji wa London hakuyajua. Muda ulivyopita, baadhi yalisimama. "Safari" leo ni neno la Kiingereza lisilohitaji mlazo wala maelezo. Mwongozo wa Chicago, unaofuatwa na wahariri wengi wa Marekani, unasema neno la kigeni lisilomo katika kamusi lilazwe, na likirudiwarudiwa katika kazi hiyo, lilazwe mara ya kwanza tu. Wahenga wetu wana kanuni hiyohiyo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Tatizo ni kwamba kuna wageni ambao siku ya tatu yao haifiki. Mhusika wa Nairobi anakula ugali katika ukurasa wa 10, ugali umelala. Anakula tena ukurasa wa 200, bado umelala. Ukurasa huohuo anakunywa kahawa na croissant, na croissant imesimama kidete. Yeye mhusika hajala kitu cha ajabu. Ajabu ni ya mtu mwingine anayemtazama akila. Na yule aliyeamua ni nani alitumia kamusi ya mtu huyo mwingine. Kamusi nazo hubadilika. Mwaka 2022 kamusi kuu ya Oxford iliongeza maneno kadhaa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, "nyama choma" likiwemo. Nyama ilikuwa imechomwa siku nyingi sana kabla ya kibali hicho.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameeleza hadharani kwamba uchapishaji wa Uingereza hupenda kukifanya kigeni kionekane kigeni, kwa mlazo au kwa orodha ya maana za maneno, naye huupinga mtindo huo. Ngũgĩ wa Thiong'o alitupa somo jingine. Caitaani Mũtharabainĩ aliiandika kwa Gĩkũyũ gerezani, na ndani yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza, Kifaransa, Kilatini na Kiswahili. Tafsiri yake ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1982, maneno hayo yote yakalazwa. Tazama maana yake: ndani ya kitabu cha Kiingereza, maneno ya Kiingereza ndiyo yamelala, kwa sababu katika nyumba ya asili ya kitabu hicho yalikuwa wageni. Na Kiswahili nacho kimelala pamoja nayo. Mwenyeji ni Gĩkũyũ, hata pale ambapo hayupo kwa macho.

Tuwe wa haki. Mlazo humsaidia msomaji pia. Mhusika akimwambia mwenzake "pole" katikati ya sentensi ya Kiingereza, kuna atakayeona mlingoti. "Mate" kwa Mwingereza ni rafiki. Kwetu ni kitu cha kutema. Mhariri anayelaza neno kama hilo huenda anamwondolea msomaji kujikwaa, wala hana kiburi chochote. Lakini sababu hiyo ni ya neno mojamoja. Haiwezi kuwa sheria ya lugha nzima.

Na kabla hatujawanyooshea kidole wachapishaji wa London, tufungue vitabu vyetu wenyewe. Katika riwaya nyingi za Kiswahili, Kiingereza hulazwa, na Sheng hulazwa pamoja nacho. Utingo anaita abiria, "Tao fifty, beba wawili," na mhariri anaanza kutenganisha: hili lilale, hili lisimame. Ndani ya matatu hakuna aliyesikia sauti ya utingo ikiinama. Kwake ni lugha moja, ya kazi. Ukiilaza, unamwambia kijana wa Kayole kwamba katika kitabu cha lugha yake ya taifa yeye ni mgeni.

Kiswahili chenyewe ni nyumba ya waliokaribishwa. Kitabu kilitoka Uarabuni, meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, baiskeli kwa Waingereza. Wote wamepewa jembe, wanalima. Lau kila aliyeingia angelazwa daima, sentensi "kitabu kiko juu ya meza shuleni" ingekuwa wodi ya hospitali.

Kitufe cha I kina kazi nyingi nzuri, na kubwa kuliko zote imesahaulika kabisa: kubeba shairi zima, au barua nzima, kama mwandiko wa mtu unayemfahamu. Magazeti ya mtandaoni yangeweza kujaribu hilo, kwa fonti yenye italiki halisi. Ama kwa neno mojamoja, swali ni fupi: katika hadithi hii, mwenye nyumba ni nani? Akiwa ni utingo, tao isimame.